Kuku Yupi Atagaye?

Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya jambo lililo karibu mno na kila nyumba, karibu kuliko shamba, kwa kuwa liko uani, nyuma ya jiko. Ni habari ya kuku. Wala si habari zao zote, bali swali moja tu: katika kuku mlio nao, ni yupi atagaye, na ni yupi alaye bure?

Labda mtu atasema, “Swali gani hili? Mayai nayaona kiotani, yanatosha.” Lakini na tumwulize mtu huyo: una makoo mangapi? Atajibu, tisa. Waokota mayai mangapi kwa siku? Mawili, pengine matatu. Basi wale sita wengine wafanya kazi gani? Hapo atanyamaza, kwa maana hajui.

Kutojua huku kuna hasara, na hasara yenyewe huonekana siku ya mgeni. Mgeni hufika jioni, na adabu yataka achinjiwe kuku. Watoto hutumwa kukamata, nao humkamata yule aliye mzito asiyeweza kukimbia, ama yule aliyechakaa manyoya, kwa kuwa huonekana hana faida. Kuku huchinjwa. Mama ampasuapo, hukuta ndani kishada cha viini vya manjano, vikubwa kwa vidogo, kama zabibu katika kichala. Na pengine hukuta yai zima lenye ganda, ambalo lingetagwa asubuhi ya pili yake. Mama hulitazama, akaliweka kando, akaendelea na mapishi. Hakuna awezaye kurudisha.

Na mara nyingi kuku wale ni mali ya mama huyo, nayo ndiyo akiba yake ambayo haombi kwa mtu. Mayai hununua chumvi, sabuni na madaftari ya mtoto. Hulisha mgonjwa na mtoto aliyeachishwa ziwa. Na yale yaliyoatamiwa huwa kuku wa mwaka ujao. Achinjaye mtagaji mmoja bila kujua amekula haya yote kwa mlo mmoja, na yule kuku mzembe amebaki uani akiparua na kula mtama.

Basi kabla ya kuwatafuta wazembe, yatupasa kwanza kuujua mwaka wa kuku wetu wa kienyeji, tusije tukamhukumu asiye na kosa. Kuku wetu hatagi siku zote. Hutaga fungu la mayai, yapata 10 hadi 15, kisha hulala juu yake na kuyaatamia kwa siku 21. Vifaranga wakitoka, huwalea kwa muda wa miezi miwili au mitatu, naye katika muda huo hatagi. Kisha huanza tena. Kwa desturi hiyo hupata mafungu matatu hivi kwa mwaka. Kwa hiyo kuku aliyeatamia, na kuku mwenye vifaranga, wote wamo kazini. Kadhalika mtetea aliye mchanga bado hajafika wakati wake. Wengi wa kuku wetu huanza kutaga wapatapo umri wa miezi sita hadi minane. Na yuko kuku abadiliye manyoya, ambaye nguvu zake zote zimekwenda katika kuotesha manyoya mapya. Huyo naye apumzika.

Katika nchi za Ulaya wafugaji hutambua kuwa kuku hupunguza kutaga wakati wa baridi, kwa sababu ya ufupi wa mchana. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta mchana haupungui sana. Basi kuku wetu akiacha kutaga, sababu yake tuitafute kwingine: katika chakula, katika ugonjwa, katika utitiri, katika uzee, ama katika kulea.

Sasa tuje kwenye dalili. Ziko za kuonekana kwa macho, na ziko za kujulikana kwa mkono.

Kwa macho, mtazameni kwanza undu, yaani ule upanga mwekundu wa kichwani. Kuku atagaye, undu wake ni mwekundu, umejaa damu, ni laini, na ukiushika una joto. Asiyetaga, undu wake umenywea, umepauka, na una magamba makavu. Kisha tazameni jicho: la mtagaji ni jicho kavu lenye kung’aa na uhodari. Tena tazameni mwenendo wake. Mtagaji huwa wa kwanza kutoka bandani alfajiri na wa mwisho kuingia jioni, kwa kuwa kazi aliyo nayo yamtaka ale sana.

Katika jambo la manyoya watu wengi hudanganyika. Huona kuku mwenye manyoya mazuri yanayong’aa kama hariri, wakasema, “Huyu ndiye hasa.” Sivyo. Kuku aliyetaga kwa muda mrefu manyoya yake huchakaa na ncha zake kukatika, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuyabadili. Na yule mvivu huyabadili mapema, polepole, akakaa amependeza. Basi kuku aliyechakaa, ikiwa undu wake ni mwekundu na jicho lake ni zima, msimfanyie haraka ya kisu. Huenda ndiye awalishaye.

Wala msitegemee sauti. Ni kweli kwamba kuku akisha kutaga hutetea. Lakini mara mmoja akitetea wengine humwitikia, na jogoo naye hupaza sauti pamoja nao. Debe tupu haliachi kutika. Mwenye kelele nyingi si lazima awe mwenye yai.

Dalili za mkono ni za hakika zaidi. Zingojeni hata usiku, kuku wamekwisha panda kulala, kwa kuwa gizani hutulia na hukamatika bila kufukuzwa. Mchukueni kuku mmoja mmoja taratibu, kichwa chake kikielekea kwapani kwenu, na kifua chake kikilala juu ya kiganja cha mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia papaseni chini ya mkia, kando ya tundu litokalo yai. Hapo mtaikuta mifupa miwili myembamba, mmoja huku na mmoja huku, kama ncha za vijiti. Hiyo ndiyo mifupa ya nyonga, na katikati yake ndipo yai lipitapo.

Kwa kuku atagaye mifupa hiyo imeachana, na ncha zake ni nyembamba zenye kulegea. Vidole viwili vyaweza kukaa kati yake, na kwa kuku mkubwa hata vitatu. Kwa kuku asiyetaga imekaribiana, na kidole kimoja chapita kwa shida. Kisha pimeni toka mifupa hiyo mpaka mwisho wa mfupa wa kidari. Kwa mtagaji mtapata nafasi ya vidole vitatu au vinne, na tumbo ni laini. Kwa asiyetaga nafasi ni ndogo, na tumbo ni gumu, tena pengine limejaa mafuta. Mwisho tazameni lile tundu lenyewe kwa taa: la mtagaji ni pana, lina unyevu, tena limepauka, la asiyetaga ni dogo, la mviringo, limekauka na kujikunja.

Twawaonya kwa mambo mawili. Kwanza, vidole vya watu si sawa, na kuku wetu si sawa kwa ukubwa. Basi apimaye awe mtu mmoja kwa kuku wote, na aanze na kuku yule aliyeonekana kwa macho akitoka kiotani na kuacha yai. Huyo ndiye kipimo; wengine walinganishwe naye. Pili, mifupa hii haikai hali moja. Kuku aachapo kutaga hukaribiana tena. Kwa hiyo vidole vyawaambia hali ya leo tu. Habari za mwaka mzima havizijui.

Wako pia watu wazoefu, hasa akina bibi, wawezao kumpapasa kuku asubuhi wakatambua kuwa ana yai la kutaga siku hiyo. Jambo hili ni la kweli, na sababu yake yajulikana. Tangu kiini kushuka hata yai kutoka hupita yapata saa 25, na katika hizo, saa 20 hivi yai hukaa mahali pamoja likifanyiziwa ganda. Ndiyo maana asubuhi laweza kuguswa, gumu, ndani ya tumbo. Lakini na afanye hivyo mwenye mkono mwepesi, kwa kuwa yai likipasukia ndani huweza kumwua kuku. Na katika habari hiyohiyo mnapata fundisho lingine: kwa kuwa yai hutaka zaidi ya siku moja, kuku hutaga kila siku akichelewa kidogo kuliko jana, mpaka afikapo siku ya kuruka. Basi msimhukumu kwa siku moja wala mbili.

Juu ya rangi ya miguu na mdomo, wako wafugaji waitumiao sana, lakini yafaa kwa kuku wenye ngozi ya manjano tu. Rangi ile ya manjano hutoka katika majani mabichi na mahindi ya manjano. Kuku aanzapo kutaga, rangi huenda katika viini vya mayai, ikaondoka mwilini kwa taratibu: kwanza kando ya tundu la yai, kisha ukingoni mwa jicho, kisha mdomoni, na mwisho miguuni. Mdomo hupauka baada ya majuma kama manne hadi sita ya kutaga. Miguu hukawia miezi kadhaa. Lakini kuku alaye mahindi meupe na pumba tu, tena afungiwaye asipate majani, hakuwa na rangi tangu mwanzo. Na kuku wa miguu myeusi au myeupe hamwezi kumsoma kwa njia hii. Msiifuate pasipofaa.

Wenzetu wa nchi nyingine walilihangaikia swali hili pia. Katika Marekani, mwaka 1913, Walter Hogan alitoa kitabu cha kufundisha namna ya kupima kuku kwa mifupa ya nyonga. Na mwaka uo huo, katika chuo cha ukulima cha Oregon, kuku mmoja alihesabiwa mayai 303 aliyotaga kwa mwaka mmoja. Walijuaje kuwa mayai yale ni yake, na hali alikaa pamoja na wengine? Walitumia kiota cha mtego.

Kiota hicho si kigumu kutengeneza, na twakipendekeza hasa kwa wanafunzi walio na kuku shuleni. Ni sanduku la mbao, upana na kimo chake kama sentimeta 30, na urefu wake hupita huo kidogo. Mbele huwa na mlango uning’iniao toka juu, umeinuliwa kwa kijiti. Kuku aingiapo hugusa mlango kwa mgongo wake, kijiti huanguka, na mlango hujifunga. Akisha kutaga hukaa humo mpaka atolewe. Atoaye husoma alama ya kuku, huandika namba yake juu ya yai kwa kalamu ya risasi, kisha hutia alama katika daftari. Sharti lake ni moja, nalo halina msamaha: kiota kitazamwe kila saa, tena kikae kivulini, kwa kuwa kuku aliyesahauliwa ndani wakati wa jua hufa.

Asiye na sanduku na atumie njia nyepesi. Kwanza wafungeni kuku alama miguuni, kila mmoja utepe wa rangi yake, usiobana. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi twasema hata mwenyeji na awe nayo. Kisha kwa muda wa majuma mawili msiwafungulie asubuhi mpaka saa tano, kwa kuwa mayai mengi hutagwa kabla ya adhuhuri. Wapeni maji na chakula humo bandani, na mtoto mmoja awekwe kuangalia ni utepe gani unaotoka kiotani. Yai nalo lina ushuhuda wake: kila kuku huelekea kutaga mayai ya umbo lake na rangi yake, moja refu, jingine la mviringo, jingine la madoa. Baada ya siku chache mtoto mwenye macho atawaambia hili ni la nani.

Sasa na tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja ana makoo tisa, na kila siku hupata mayai mawili au matatu. Mmoja ameatamia, wawili wana vifaranga. Hao watatu wamo kazini, basi wamebaki sita. Usiku awapima kwa vidole, aona wanne mifupa yao imeachana na tumbo ni laini, na wawili imekaribiana. Kwa majuma mawili aandika, na katika wale wanne ni watatu tu waonekanao kiotani. Wa nne hana yai hata moja, ingawa mkono wasema ataga. Je, mkono umedanganya? La. Siku aliyofunguliwa mapema na kufuatwa kwa mbali, alizunguka nyuma ya migomba, akaingia katika manyasi. Na humo kulikuwa na mayai manane. Huyo ni mtagaji afichaye. Kama si kumfuata, mayai yake yangekuwa ya kenge na nguchiro.

Na wale wawili wa mwisho? Mmoja ana vijimanyoya vichanga vinavyochipua shingoni na mbawani, naye ni kuku wa mwaka wa pili. Huyo abadili manyoya, na angojewe. Mwingine ni mzee, amenona, tumbo lake ni gumu, undu wake umekauka, na manyoya yake ni mazuri kuliko ya wote. Basi katika kuku tisa, aliyestahili kwenda sokoni au chunguni ni mmoja tu, naye ndiye ambaye mgeni na mwenyeji wangemsifu kwa uzuri wake. Yule ambaye watoto wangemkamata kwa uchakavu ni mmoja wa wale watatu wajazao kiota.

Kabla hamjamwondoa kuku kwa uvivu, hakikisheni kuwa hana ugonjwa. Undu uliopauka waweza kuwa dalili ya minyoo, au ya utitiri unyonyao damu usiku. Tazameni chini ya mbawa zake na katika nyufa za banda kwa taa. Fagieni banda, choma takataka, zibeni nyufa, na wapeni kuku majivu makavu ya kujipaka vumbi. Watazameni tena baada ya majuma matatu. Tena chakula: kuku atagaye kwa pumba tupu hawezi kuendelea. Ahitaji majani mabichi, wadudu kama mchwa, mabaki ya dagaa, na makaka ya konokono yaliyopondwa kwa ajili ya ganda la yai. Mkimpa maganda ya mayai, yachomeni kwanza na kuyaponda mpaka yawe unga, asije akajifunza kula mayai yake mwenyewe. Na kiota kikiwa na majimaji ya kiini na vipande vya ganda, jueni yuko mlaji wa mayai. Okoteni mayai mapema, na mumtafute aliye na kiini mdomoni.

Hesabu hizi zote zaweza kupotea kwa juma moja likiingia gonjwa la mdondo, ambalo wengine huliita kideri, kwa kuwa laweza kuua karibu kuku wote wa kijiji. Dawa ya kuliponya haipo, lakini chanjo ya kulizuia ipo, nayo ni tone moja katika jicho, irudiwayo kila miezi mitatu. Mwulizeni bwana mifugo wa mahali penu, na mpatane na majirani mchanje siku moja, maana kuku wa jirani na wako huparua jaa moja.

Neno letu la mwisho ni kwa mabwana wenye nyumba. Mgeni ajapo, msiwatume watoto kukamata ovyo. Mwulizeni mama, naye alitazame daftari lake. Na ninyi wanafunzi, mnaojua kuandika, kazi ya daftari hilo ni yenu. Chukueni ukurasa mmoja, pigeni mistari, andikeni majina ya rangi za tepe juu na siku za mwezi kando. Na kila jioni, kabla ya kulala, mtieni alama kila aliyetaga. Anzeni kesho asubuhi, na mwezi ukiisha hesabuni pamoja na mama zenu.